Kibuyu cha Bibi na chupa ya stendi

Saa nane usiku mdogo wangu alinigongea mlango. "Kaka, njoo. Mama anamwita Mjomba." Mjomba tulimzika mwaka 2009.

Nilimkuta Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, shuka limelowa chapachapa kwa jasho. Na hii ni Uyole, Mbeya, mwezi wa tatu, mvua imenyesha tangu jioni, baridi ya kulalia soksi. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikamchoma kidole, nikagusisha tone kwenye kijiti cha mashine ya sukari. Ikasoma 2.1. Kama hujawahi kuishi na mgonjwa wa kisukari, jua tu kwamba ikishuka chini ya 4 tunaanza kuhangaika, na 2.1 ni mtu anayeelekea kuzimika. Nikakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, nikamnywesha kidogo kidogo huku mdogo wangu amemshika kichwa. Baada ya robo saa ikapanda hadi 3.4. Akanitambua. Akaniuliza kwa nini sijalala.

Tukaita bajaji, tukaenda hospitali. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, akamwekea dripu ya glukosi kisha akanigeukia.

"Anatumia dawa gani?"

"Metformin na glibenclamide, za kliniki."

"Na nyingine?"

"Hakuna."

Nilijibu bila kusita, maana dawa ndiyo kazi yangu. Nina duka la dawa muhimu, dogo, la milango miwili, mwaka wa kumi na moja sasa. Wateja wananiita dokta na nilishaacha kuwasahihisha. Mama mwenyewe ndiye mteja wangu wa kwanza kila mwezi, na vidonge vyake namhesabia kwa mkono wangu.

Walimlaza hadi jioni ya siku ya pili, kwa sababu glibenclamide haina haraka ya kutoka mwilini. Unaweza kumpandisha mtu sukari saa tisa usiku, ikamshuka tena saa tatu asubuhi akiwa anakunywa chai. Asubuhi hiyo nilirudi nyumbani kumchukulia kanga, na wakati navuta sanduku kutoka chini ya kitanda ikabingirika chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ndani yake kulikuwa na kitu cha rangi ya chai iliyolala, machicha yametuama chini. Karatasi ya fotokopi ilikuwa imebandikwa kwa selotepu: Kisukari, presha, ngiri, chango, miguu kuwaka moto, uzazi, nguvu za kiume. Nusu glasi kutwa mara tatu. Haina madhara, ni ya asili.

Aliinunua stendi, kwa yule jamaa mwenye kipaza sauti. Alikuwa na siku nne tangu aanze kuinywa, na siku hizo hizo alikuwa kwenye mfungo wa Kwaresima, anakula mara moja, jioni. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema sikuuliza. Kweli sikuuliza.

Nimeikumbuka sana ile karatasi, hasa mstari wake wa mwisho. Kiswahili chetu kimetupa neno moja, dawa, likabeba kila kitu: dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya magugu. Mkulima wa viazi wa Umalila akikwambia katoka kupiga dawa, humuulizi amepona nini. Wazee waliotuachia neno hilo walijua kwamba kitu chenye nguvu ya kubadilisha mwili hakichagui upande. Sisi ndio tumeongeza "ya asili" mbele yake, tukadhani tumelitoa meno.

Hapa kwetu ndiko mahali pabaya zaidi pa kuamini kwamba mmea hauwezi kudhuru. Pareto tunalima wenyewe, Umalila, Makete, Njombe, na kiwanda kipo Mafinga. Ua zuri, jeupe, lina kitovu cha njano, ungeweza kumpelekea bibi harusi. Linalimwa kwa sababu linaua wadudu. Kando ya shamba la mahindi utakuta mnanaha, ule wenye tunda la miiba na ua mfano wa tarumbeta. Mbegu zake zina atropini na wenzake: mtu akizila mdomo unakauka, macho yanatanuka, moyo unakimbia, anaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu walikufa na mamia wakaugua baada ya kula unga wa msaada uliokuwa umechanganyika na sumu ya mmea wa jamii hiyo. Lakini atropini hiyo hiyo, ikiwa kwenye kichupa na imeandikwa miligramu zake, ndiyo anayochomwa mkulima aliyevuta au kunywa dawa ya wadudu ya viazi na nyanya, na inamrudisha.

Sasa nimzungumzie Bibi, mama yake Mama, maana bila yeye hii makala ingekuwa ya kuwalaumu wauza mitishamba tu, na hiyo si nia yangu.

Bibi aliishi Tukuyu, kwenye migomba, mahali ambapo mvua ikikatika siku tatu watu wanaulizana kulikoni. Hakuwa mganga. Hakuwa na kibao wala kitambaa chekundu, na Jumapili alikuwa Moravian kama watu wengine. Alikuwa mwanamke ambaye majirani walimfuata mtoto akiharisha. Juu ya uchaga wa jikoni, kwenye moshi, kulikuwa na vifurushi vya majani ya mgomba vilivyofungwa kwa kamba, na kibuyu kimoja kidogo kilichokatwa nusu, ukubwa wa yai la bata. Hicho kibuyu nakiona hadi leo. Ndani kilikuwa na rangi ya asali kwa kuzeeka, na kwenye ukuta wake, chini kidogo ya nusu, Bibi alikuwa amechora mstari kwa ncha ya kisu. Mtu mzima alikunywa kibuyu kizima. Mtoto, hadi kwenye mstari. Mtoto asiyeota meno hakupewa kitu, na mjamzito alipewa uji na kurudishwa nyumbani.

Kabla ya kukishusha kile kibuyu, alikuwa anauliza. Umekula nini? Choo kikoje? Umepewa dawa hospitali? Mara ya mwisho umeona siku zako lini? Nilikuwa mtoto, nikiona haya kwa niaba ya wageni. Maswali hayo baadaye nilifundishwa darasani, kwenye mafunzo ya watoa dawa, na mwalimu aliyeyaandika ubaoni kwa kalamu ya bluu akiyaita hatua za kumhudumia mteja.

Alijua pia dawa ipi ichemshwe na ipi isiguswe na moto. Kuna jani alilotwanga na kulikamua kwa maji ya baridi, na ukimuuliza kwa nini, alisema moto unaliua. Niliichukulia kama imani. Halafu nikaja kusoma habari za Tu Youyou, mama wa Kichina aliyepewa Nobel mwaka 2015 kwa kugundua artemisinini, ambayo ndiyo mzazi wa dawa ya mseto tunayomeza tukiugua malaria. Wenzake walichemsha mmea wake, artemisia, wakapata matokeo ya kuyumbayumba. Yeye akasoma andiko la kale la tiba lililosema shika konzi moja, loweka kwenye maji, kamua, kunywa maji yake. Halikutaja moto. Akaacha kuchemsha, akatumia etha, ambayo hutokota kwa joto dogo sana, na dawa ikatoka hai. Kwa hiyo waliolichukua jani hilo la artemisia wakalichemsha kama majani ya chai, ambayo ndiyo namna wengi tunavyolinywa huku, wanapata dawa pungufu. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa chai hiyo: dozi ndogo haimalizi vimelea, na vinavyobaki hujifunza kuizoea.

Mfano mwingine uko nyuma ya nyumba nyingi. Mbegu ya mbarika ina risini, sumu kali kabisa. Mafuta ya nyonyo yanatoka kwenye mbegu hiyo hiyo, na bibi zetu waliyatumia kulainishia choo na kupaka ngozi, kwa sababu yakitengenezwa inavyotakiwa sumu hubaki kwenye mashudu. Muhogo mchungu nao vilevile, unaloweka, unaanika, unatwanga, na ukiruka hatua unakula sayanidi. Hakuna anayesema muhogo ni salama kwa kuwa ni wa asili. Tunasema umeandaliwa vizuri.

Habari ninayoipenda kuliko zote ni ya Chausiku. Huyo ni sokwe mtu wa Mahale, kule Kigoma. Novemba 1987, mtafiti Michael Huffman alikuwa anamfuatilia pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mwenyeji wa huko, Mtongwe, aliyeijua misitu ile na dawa zake. Chausiku alikuwa mgonjwa, amelegea, hana hamu ya kula. Akaenda kwenye kichaka cha ule mmea mchungu ambao Bukoba wanauita mubilizi na Watongwe wanauita mjonso, akavunja tawi, akamenya ganda, akatupa majani, akatafuna moyo wa ndani, akafyonza maji na kutema makapi. Mzee Kalunde akamwambia mgeni wake kwamba hiyo ni dawa, wao wenyewe huitumia kwa tumbo na homa. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa anakula kama kawaida. Wawili hao waliandika habari hiyo kwa pamoja mwaka 1989, na baadaye maabara zikaonyesha kwamba kemikali kali za mmea huo zimejaa zaidi kwenye majani na ganda, zile sehemu alizozitupa. Sokwe alijua amenye wapi. Jamaa wa stendi anasaga vyote na mizizi.

Nisimpambe Bibi kupita kiasi. Mwaka nilioanza darasa la tano, ndugu zetu wa Kyela walileta mtoto wa miaka miwili mwenye degedege. Bibi akamwosha kwa maji ya majani, akamfukiza, akasubiri jua lichwe. Ilikuwa malaria imepanda kichwani. Walipofika hospitali ilikuwa usiku, na mtoto hakurudi. Bibi hakuwahi kulitaja jambo hilo, ila tangu siku ile mtoto yeyote mwenye mshtuko alimpokea mlangoni na kumgeuza hapo hapo, "Hospitali, kimbieni," hata chai hakuwapa.

Kilichobadilika tangu enzi zake ni kwamba mmea umeondoka jikoni ukaja stendi, na umekuja peke yake. Kibuyu hakikuja, wala maswali. Ule mchanganyiko wa Mama ungeweza kumshusha sukari kwa njia tatu nilizoziona mara moja nilipotulia. Kwanza, yapo majani yanayopunguza sukari kweli, na ukiyajumlisha na glibenclamide unakuwa umemeza dozi mbili. Pili, kwenye biashara hii duniani kote zimekamatwa dawa za mitishamba zilizochanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa: za sukari zina dawa za sukari, za maumivu ya viungo zina steroidi, za nguvu za kiume zina sildenafil. Mnunuzi anapona haraka, anasifia mizizi. Tatu, tumbo tupu la Kwaresima. Inawezekana ni zote tatu.

Nina wateja wengi wa namna hii. Kuna mzee wa presha anayetafuna vitunguu saumu kama karanga na huku anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, kisha ananiuliza mbona fizi zinatoa damu. Kuna kijana aliyeleta mtoto wa miezi mitatu amenyweshwa mafuta ya mwarobaini kwa ajili ya mafua. Nilimwambia apande bajaji ile ile aliyokuja nayo, maana mafuta hayo kwa kichanga yanaweza kuleta degedege na kuharibu ini. Enzi za nyungu, tulipojifukiza kwa kuogopa korona, 2020 na 2021, nilipaka dawa ya moto mapaja ya watoto wawili wa mtaa mmoja. Mkaratusi na mchaichai havikuwa na kosa. Sufuria ilipinduka chini ya blanketi.

Ninaowaogopa zaidi ni wajawazito. Dawa ya kuongeza uchungu ipo, na inafanya kazi, ndiyo shida yenyewe. Hospitali wakitaka kuharakisha uzazi wanaweka oksitosini kwenye dripu, muuguzi anakaa pale anahesabu matone kwa dakika, anasikiliza moyo wa mtoto, na mfuko ukikaza mno anafunga. Kikombe cha mizizi kikishashuka hakina pa kufungia. Mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa. Mkunga mmoja rafiki yangu husema anamtambua aliyekunywa kwa jinsi tumbo linavyokuwa gumu bila kupumzika, na mama mkwe aliyekaa kwenye benchi nje huwa haangalii watu usoni.

Halafu kuna jambo la mkoa jirani, Njombe, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Iringa na Mbeya hatuko mbali nao. Mtu anayemeza ARV kila siku akiambiwa kuna kikombe kinamaliza kila kitu, kishawishi ni kikubwa. Tuliona mwaka 2011 Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile: shilingi 500 kikombe, foleni ya magari ya kilomita nyingi, na mabasi yalitoka hadi huku kwetu. Wengine walirudi wakaacha dawa za kufubaza. Wapo niliowafahamu. Simlaumu mzee wa watu, alishatangulia 2021, na kile kikombe chenyewe wataalamu wa serikali walisema hakina sumu kwa kiasi alichokitoa. Madhara yalikuwa kwenye kilichoachwa.

Sheria tunayo, Namba 23 ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Chuo cha Muhimbili kina taasisi yake ya dawa asili, kazi iliyoanza mwaka 1974. Kwa hiyo usiniambie hakuna wa kupima. Ila kipaza sauti cha stendi kinafika kwa Mama kabla ya Baraza.

Baada ya Pasaka nilipanda gari kwenda Tukuyu kumwona mdogo wake Bibi, ambaye ndiye aliyebaki. Nilimkuta barazani anamenya ndizi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mama yako kaamkaje?"

Habari zilishamfikia. Nikamweleza zote, akasikiliza bila kuacha kisu, kisha akasema stendi watu hununua mikoba, hawanunui dawa. Nikamwomba anionyeshe majani ya tumbo ya marehemu dada yake, niyaandike. Akacheka. Akasema majina hayo angempa mjukuu wa kike, tena anayekaa hapa hapa. Nikamuuliza, basi walau kile kibuyu kiko wapi, chenye mstari.

"Kilipasuka. Panya walikiangusha."

"Sasa unapimia nini?"

Akaingia ndani, nikasikia anahamisha vyombo. Akarudi na kifuniko cha buluu cha chupa ya maji ya dukani. Kwa ndani, kwa ncha ya kisu, alikuwa amechora mstari.

Nilimwomba nikakipime. Akanipa kingine, kisicho na mstari, nikachora mwenyewe akiwa ananiangalia, akanisahihisha mara mbili: chini, chini zaidi. Dukani nilikijaza kwa sirinji. Kikiwa kimejaa, mililita saba. Hadi kwenye mstari, tatu kasoro. Nimeviandika vyote viwili kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa nyuma, na kando yake nimeandika swali ambalo sasa naliuliza hata anayekuja kununua panadol mbili. Wengi wanajibu hakuna. Nasubiri kidogo, najifanya napanga chenji, kisha mkono unaingia kwenye pindo la kanga.